Ukurasa wa Themanini

Kwa miaka ishirini Brashi alichora watu, na hakuwahi kumchora mtu asiyekaa mbele yake. Wenzake walichora kwa kichwa. Yeye alikuwa na kigoda chake dirishani, na ukikikalia hutoki mpaka kila kovu lako limeingia kwenye turubai. Kifua kilipoanza kukataa harufu ya rangi, daktari alimwambia achague moja, kuchora au kupumua. Akachagua kupumua, akageukia riwaya. Kigoda hakukiondoa.

Aliyekikalia kwa ajili ya riwaya ya kwanza alikuwa mdogo wake wa kike, wa tumbo moja. Alikuja mchana, mumewe akiwa kazini, akaongea, akalia, na siku moja akapandisha mkono wa gauni kuonyesha mumewe alipomchoma kwa pasi.

"Hii hajaiona mtu, kaka. Ni mimi na yeye tu. Akijua nimesema, ataniua."

Brashi alijiona mjanja. Shemeji yake, fundi saa mrefu na mwembamba, alimgeuza muuza nyama mfupi, mnene, mwenye upara. Mke akambadilisha jina, mji, hata idadi ya watoto. Lakini ule mkono, loo! Aliuandika vilevile ulivyo: kovu la pasi chini kidogo ya kiwiko, ncha yake ikitazama juu, kingo zimejikunja. Macho ya mchoraji yalishindwa kuuruka. Kitabu kikachapwa, kikasifiwa, naye akavimba kichwa wiki nzima. Mpaka alipokaa kukisoma kwa raha zake, akafika ukurasa wa themanini, penye lile kovu, akakumbuka kwamba hakuna mwingine aliyeliona.

Akampigia mdogo wake. Hakupokea. Akapiga tena na tena. Alikuwa anavaa viatu amfuate mwenyewe pale hodi ilipopigwa mlangoni.

Walikuja wote wawili. Shemeji alikuwa anatabasamu, kitabu kwapani. Mkewe alisimama nyuma yake, mikono ya gauni imeshuka mpaka kwenye vidole.

"Hongera, shemeji! Nimekisoma polepole. Si unanijua mimi na vitu vidogo vidogo?"

"Ni hadithi tu, shemeji," Brashi alisema. "Mambo ya kubuni."

"Hata huyu kaniambia hivyo hivyo." Akafungua kitabu, akasoma ile mistari kwa utulivu, kama anayesoma maelezo ya dawa. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama watoto, hebu muonyeshe kaka yako."

Mdogo wake akapandisha mkono wa gauni. Brashi aliliona kovu analolijua. Chini yake palikuwa na kidonda kingine, kibichi.

"Wewe uliandika moja," shemeji alisema. "Toleo la pili utarekebisha."

Maisha yake yote Brashi hakuwahi kuogopa namna ile. Lakini alijikuta amemshika mdogo wake mkono ule mzima.

"Huyu haondoki hapa," sauti ikamtoka nyembamba. "Nenda peke yako."

Shemeji alitazama saa yake tu, akatangulia kushuka ngazi.

"Niachie, kaka." Mdogo wake hakulia. "Watoto kawafungia ndani, na ufunguo anao yeye."

Akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja.

"Nilikwambia wewe tu," alisema, akamfuata mumewe.