Samaki wa Trei Moja

Siku ya tatu baada ya mama mkwe wake kupasuliwa macho, Fundi Saa aliingia jikoni kupika. Mkewe alikuwa amefariki miezi saba nyuma, na miezi yote hiyo alikuwa akila vya kununua. Lakini mama huyu, aliyekuja kukaa kwake mpaka bandeji zifunguliwe, alimwambia asubuhi ile bila kumung'unya maneno: "Mwanangu, mkate nimeuchoka."

Sasa alikuwa ameketi kando ya meza, macho yamefungwa kwa kitambaa cheupe, jua la alasiri limemlalia mapajani kama paka. Fundi alikuwa akikata viazi, karoti na pilipili hoho.

"Vipande vikubwa hivyo," mama akasema.

"Umejuaje, Mama?"

"Kisu kinagonga mara chache mno."

Akavikata tena. Ilipofika zamu ya minofu ya samaki, alileta kibano chake cha kazi, kile cha kunyanyulia vigurudumu vya saa, akakiosha kwa maji ya moto na kuanza kuchomoa miiba, mmoja baada ya mwingine. Hapo mikono yake haikuhitaji kuelekezwa na mtu.

Mboga zilitangulia kwenye oveni, zimepakwa mafuta, chumvi na kitunguu saumu. Zilipoanza kubabuka pembeni, akalaza samaki juu yake, akapanga vipande vya limau, akairudisha trei ndani.

"Haya, kaa," mama akasema. "Usinifungue-fungue hiyo oveni."

Akakaa. Joto lilijaa jikoni taratibu, na harufu ya limau ikatanda mpaka kuta zikaonekana kusogea mbali. Usingizi ukamnyemelea. Akamwona mkewe akipita kati ya meza na dirisha, peku, taulo la jikoni begani, anakwenda polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji. Aliinama, akachungulia kwenye kioo cha oveni, kisha akamgeukia mumewe na kutikisa kichwa, akicheka.

"Fundi! Amka, samaki ameiva," mama akaita.

Alizinduka, akaitoa trei. Kweli, samaki alikuwa ameiva vizuri, mboga zimekuwa za rangi ya dhahabu. Alibaki amesimama, kitambaa cha kushikia vyombo mkononi.

"Nimemwota," alisema.

Tangu mazishi, wote wawili walikuwa wakikwepa kumtaja. Mama akageuza uso upande sauti yake ilikotoka.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anamchungulia samaki. Ananicheka."

"Atakosaje kucheka! Kwani yeye alikwambia anapika samaki hivi kwa nini?"

"Kwa sababu nampenda samaki wa hivi. Miaka kumi na miwili, kila Ijumaa, ndivyo alivyoniambia."

Mama akaanza kucheka kabla hajasema kitu. "Maskini baba wa watu! Alikuwa anakwepa kuosha vyombo. Trei moja, kazi imekwisha. Huyo tangu mdogo masufuria yangu alikuwa akiyaficha chini ya kitanda."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Akacheka na kucheka, halafu sauti ikambadilika, na machozi yaliyogoma kutoka siku ya mazishi yakamwagika yote kwa mkupuo. Mama alipapasa juu ya meza mpaka akaupata mkono wake. Hakumwambia anyamaze. Bandeji zake zenyewe zilikuwa zimelowa pembeni.

"Mama, daktari alikukataza kulia."

"Daktari hakumzaa yeye."

Walikula palepale kwenye trei, bila sahani. Fundi alikuwa akimwekea mama mnofu kiganjani, akimtajia kila anachompa: hii karoti, hiki kiazi, huyu samaki, angalia bado ana moto.

"Chumvi hukuitia ya kutosha," mama alisema, "lakini kwa mtu wa saa, si haba. Nipe kingine."

Akampa. Kisha akauliza, "Hivi hayo masufuria yalikaa chini ya kitanda muda gani?"

"Wiki nzima! Tena ngoja nikwambie tulivyoyagundua..."

Fundi akavuta kiti chake karibu ili asikie vizuri, na jioni ikaingia jikoni bila kupiga hodi.