Vipande Vinavyoshuka

Mwanangu alirudi kutoka hospitali na begi lilelile alilokwenda nalo, nguo ndogo zimo ndani, bado zimekunjwa. Mjukuu wangu hakulia hata mara moja.

Ikafika siku ya kumi na mbili mwanangu hajatamka neno. Hata mumewe, aliye kazini mbali, alipiga simu isipokelewe. Yeye alilala akiuelekea ukuta, akicheza mchezo mmoja kwenye simu yake: vipande vya rangi vinashuka kutoka juu, naye anavigeuza vikae sawasawa, visiache nafasi. Mstari ukijaa, unafutika. Kisha vinashuka vingine.

Dada yangu alikuwa akipanda ngazi zetu kila siku na bakuli la supu, na magoti yake ndiyo hayo mabovu. Ulimi wake tu ndio mkali.

"Unamwangalia tu? Mtu mzima anacheza kama mtoto wa chekechea! Mnyang'anye hiyo simu."

"Ana huzuni, dada."

"Huzuni haitibiwi na simu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

Nikamsikiliza. Mwanangu alipokwenda kunawa uso, niliichukua simu nikaifungia kabatini, chini ya vitambaa vya wateja wangu.

Aliporudi hakuuliza. Alikaa kitandani, akapapasa shuka, kisha akaacha. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi, wala hakunitazama. Nilivumilia mpaka adhuhuri, nikashindwa. Nikaitoa simu, nikampa kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakusaidia."

Aliipokea. Akasema, sauti imekauka:

"Mama, walinyamaza wote mle chumbani. Daktari, wauguzi, wote. Vipande vikishuka, sikisikii kile kimya. Nikiacha, nakisikia."

Nilikaa sakafuni kando ya kitanda, nikatazama naye.

Sasa, mimi nimekata nguo miaka arobaini. Nikiona kipande kimewekwa ovyo, nafasi inapotea bure, roho inaniuma. Nilijizuia, nikajizuia. Kikashuka chekundu chenye kona.

"Kisimamishe hicho! Unaharibu kitambaa!"

"Mama, si kitambaa."

"Kila kitu ni kitambaa. Geuza, geuza, kinafika!"

Akageuza. Mistari mitatu ikafutika kwa mpigo.

"Kumbe," akasema. Kisha, baada ya muda: "Na hiki je?"

"Kilaze. Pembeni kabisa, mkono wa kushoto."

Tuliendelea hivyo, mimi naelekeza, yeye anageuza, mpaka akajisogeza ukutani na kuacha nafasi ya mtu mmoja.

"Panda huku, Mama. Sakafu itakuumiza mgongo."

Watu kumi na wawili walikuja kumpa pole wiki ile, wote wakasimama mlangoni. Mwanangu hakujisogeza kumpisha hata mmoja. Nikapanda taratibu, nikihofia kitanda kitalia.

Akanipa simu. Vidole vyangu vizito. Vipande vikarundikana hadi juu kabla sijameza mate.

"Fundi gani huyu!" akasema, akacheka kidogo. Kicheko kikakatikia njiani, kikageuka kilio, kile ambacho hakuwa amekilia tangu siku ile. Nikataka kuiweka simu chini nimkumbatie.

Akaegemeza kichwa begani kwangu.

"Usiache, Mama," akasema huku analia. "Anza tena."

Nikaanza tena.