Walinzi Wawili wa Sauti ya Baba

Kabla ya Baba, baba yangu mzazi, kufanyiwa upasuaji wa koo, nilimrekodi. Kila mjukuu na ujumbe wake, kila mwanawe na wake, hata mume wangu. Sasa hana sauti. Iliyobaki imo kwenye kompyuta ya sebuleni, hiyo hiyo ambayo mume wangu anachezea karata na watoto wanashushia kila takataka ya mtandaoni. Jirani alipoingiliwa na virusi kwenye kompyuta akapoteza picha zake zote, roho yangu haikutulia tena.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, ambaye ni fundi simu, akatuwekea programu ya kuzuia virusi. Mume wangu, mtu asiyeamini hata kufuli aliyoifunga mwenyewe, akaongeza ya pili bila kusema. Mimi nami nikaweka ya kutunza nakala, ile inayofunga mafaili kwa nywila na kuyapeleka kwenye diski ya nje. Kwetu kila mtu hufanya la heri kimya kimya, kisha wote tunashangaa. Hakuna aliyeuliza kama hizo tatu zitaelewana.

Jumamosi asubuhi nikaanza kunakili. Dirisha jekundu likafunguka kwenye skrini: tishio limezuiwa. Likaja jingine. Folda ya Baba ikawa tupu.

"Shemeji, njoo! Njoo sasa hivi!" nilipiga kelele kwenye simu.

Alifika na kandambili za bafuni. Baba alikuwa kitini, anatutazama.

"Nani kaweka hii nyingine?"

Mume wangu akakohoa. "Nilitaka tuwe salama zaidi."

"Kaka, umeweka wake wenza chumba kimoja!"

"Utani baadaye," nikamfokea. "Sauti ya Baba iko wapi?"

Akaeleza huku vidole vikienda mbio. Programu yake iliona mafaili yanafungwa kwa nywila, ikadhani yametekwa, ikayatia karantini. Ya mume wangu ikayakuta humo, ikadhani ni uchafu, ikaanza kuyafuta. Akaing'oa hiyo ya pili, akaiambia ya kwanza iiamini programu ya nakala. Nilitaka kulia, nikaona Baba ananitazama, nikageukia skrini.

Yakarudi moja moja. La mwanangu mkubwa. La mdogo wake. La mume wangu, Baba akimkanya kuhusu mwendo kasi. Nikayasikiliza yote, na safari hii nakala ikapita bila dirisha jekundu.

"Limebaki moja," Shemeji akasema taratibu. "Lilishafutwa. Shemeji, ni lako."

Nikakaa sakafuni. Sikujali nani ananiona.

Baba akainuka, akaja polepole, akanishika kidevu ili nimtazame. Midomo yake ikaanza kuutamka ujumbe ule, tangu mwanzo, pamoja na jina la utani analoniita yeye peke yake. Ilitoka pumzi tu.

Mume wangu akachungulia dirishani, akawaambia watoto waliokuwa nje wanyamaze.