Safu ya Wafanyakazi

Mdogo wangu nilimlea mimi. Mama alipofariki, mwenzangu alikuwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Leo anafunga tai. Sisemi nisifiwe. Nasema ili mjue kilichoniuma.

Nyumba ya wazazi wetu ina vyumba vinne. Viwili tunalaza wageni wa kulipia, wa siku mbili tatu, na kazi yote ni yangu: kufua mashuka, kupiga pasi foronya, kumfundisha mgeni namna ya kulibembeleza bomba la maji moto. Yeye anaishi upande wa pili wa mji na mkewe. Serikali ilipotoa sheria kwamba nyumba za namna hii ziwe na kibali, zilipe kodi, na ziandikishe kila anayelala na kila anayefanya kazi humo, nilimwachia yeye ajaze fomu. Mimi na kompyuta ni paka na panya.

Jumanne asubuhi akaja ofisa wa vibali, mwanamke mpole. Akakagua mtungi wa kuzimia moto, akapita chumba kwa chumba, changu pia, kisha akafungua faili juu ya meza ya jikoni.

“Wewe ndiye mfanyakazi wa usafi?”

Nikacheka. “Mimi ni dada mtu. Hii nyumba yetu.”

Yeye hakucheka. Aligeuza faili nisome. Mwenye nyumba: mdogo wangu, peke yake. Wanaolala humo: wageni tu. Jina langu lilikuwa chini kabisa, kwenye safu ya wafanyakazi. Huingia saa moja asubuhi, hutoka saa kumi na moja jioni.

Hutoka kwenda wapi? Nimelala nyumba hii tangu nizaliwe.

Nikampigia mdogo wangu simu, nikaweka spika.

“Dada, hayo ni makaratasi tu,” alisema. “We sema ndiyo, yaishe.”

“Baba alituachia nyumba wawili. Wewe umechukua hati, mimi umenipa ufagio.”

“Usikuze mambo, dada.”

Nilitamani kumtukana. Ofisa ndiye aliyeniokoa, au nilidhani hivyo. Alisema fomu inarekebishika palepale: naandikwa mkazi wa kudumu, na hata nyumba ikiuzwa kesho, hakuna wa kunitoa. Kinachotakiwa ni mwenye hati aridhie kwa mdomo wake, na yeye ofisa ashuhudie.

“Umesikia?” akauliza kwenye simu. “Unaridhia dada yako aandikwe anaishi hapa?”

Nilishaanza kumsamehe. Nilijua atasema ndiyo, tena kwa aibu, na Jumapili angekuja kuniangukia.

“Naomba unipe muda nifikirie,” alisema. “Nitakupa jibu Jumatatu.”

Alikuwa anamjibu ofisa. Mimi hakuniambia neno.