Usitoe Kidole

…na nisipumue pia, ama niaje, maana ameongea kama askari jela, usitoe kidole Mildred, ukitoa kidole gesi yote inaenda, shikilia hapo hapo mpaka nifike, na mimi nimeshikilia, mkono umeingia ndani ya friza hadi kiwiko, kidole gumba kimebana katundu kadogo hata sikaoni, kisu kiko sakafuni kwenye maji ya barafu, simu iko mezani na siifikii, amekataa niikate, kaa na mimi kwa laini, anasema, na nyuma yake nasikia Soko la Toi lote, mtu anaita chagua chagua, mwingine anabishana juu ya viatu, na Oluoch katikati yao anauliza supaglu ya kushika chuma iko wapi, mume wangu huyo, hajawahi kushindwa na kitu, hajawahi kuita fundi… uko? Niko. Hujatoa? Sijatoa. Sawa, atapaka sabuni ya kipande kwanza, ilishawahi kuziba tangi la pikipiki ya rafiki yake Naftaly, friji itaishinda aje, halafu supaglu juu, halafu jivu, na mimi naitikia eee, eee, kidole kinakufa ganzi, wala sijui ni baridi ya friza au ni ile gesi inanilamba.

Ni mimi nimeharibu, nakubali, lakini barafu ilikuwa imefura mpaka kimlango cha friza hakifungi, na imefura kwa sababu kile kidude cha kupima baridi kilikufa mwaka jana na Oluoch akaunganisha waya moja kwa moja, sasa friji haijui kupumzika mpaka motor ichemke ijizime yenyewe, inaganda tu usiku na mchana, na raba ya mlango aliikata kutoka kwa tyubu ya baiskeli, hewa inaingia, barafu inazidi, kila kitu hapa ni yeye amefanya kwa mikono yake, ukisema tuite fundi, si kuna fundi hapo barabarani tu, anakutolea macho, fundi ni mdomo Mildred, fundi akiingia humu leo kesho ploti nzima inajua, na mwenye nyumba, Mama Jackie, akijua tuna friji kwa stima yake tunalala nje na mtoto… kwa hiyo nikachukua kisu nikakwangua vile tulikuwa tunakwangua ukoko wa ugali kwetu, polepole kwanza, halafu kwa hasira, hasira ya nini hata sijui, halafu kisu kikazama mahali laini, ssss, baridi ikanipuliza usoni, nikaweka kidole bila kufikiria, nikapiga simu kwa mkono wa kushoto, nikaisukuma mezani ikaenda mbali, mjinga mimi.

Hasira ya nini, najua bwana, ni rafiki yangu Rosebella, ujumbe wake wa asubuhi, kesho maombi ni kwako Mildred, ukikataa na hii hatutakuuliza tena, umeandikwa hivyo hivyo bila hata salamu, na Rosebella si mtu wa kukosa salamu, na mimi nikapanga, peke yangu, kwanza nichomoe waya, niyeyushe barafu yote, niifanye hiyo friji iwe bubu, niipandishie blanketi na mitungi juu ionekane kabati, pazia mbele, waje wakae kitandani, waimbe, wanywe chai, waende kabla Oluoch hajatoka kazini, mara moja tu, Mungu wangu, nimeomba mara moja tu… umesema? Sijasema kitu. Usitikisike, anasema, nimepata ya kopo dogo, nauliza kubwa.

Maana huwezi kuleta watu kwa nyumba yenye friji ya siri, hiyo ndiyo sheria yetu tangu tutoke Kibera, ikinguruma napandisha redio, ikinyamaza nashusha, mtu akibisha natoka mimi, naongea naye nje na mlango nimeuvuta nyuma yangu, hata mtoto wetu Marion amefunzwa asilete rafiki, siku moja alileta kale katoto ka Wekulo ka hapo mbele nikakafukuza kama kuku, Marion akalia, na mimi nikalia baadaye nikiosha vyombo, mtu mzima, nalia juu ya sufuria. Na kule Ayany, Kibera, nyumba ilikuwa moja kama hii lakini ilikuwa nyumba, Jumatano akina mama wa maombi walikuwa wanajaa, Rosebella kitandani, Kavetsa juu ya mtungi uliogeuzwa, mwingine mlangoni na mtoto mgongoni, wanacheka mpaka jirani anagonga ukuta, na Oluoch akirudi anasimama na koti lake mkononi hana pa kukaa, anasema hii nyumba imekuwa steji ya matatu ama ni nini, sisi tunacheka, shemeji ingia kuna nafasi, na siku ile Rosebella akasema meza yake ya nguo za watoto Toi inaweza kubeba watu wawili, Mildred njoo tuuze pamoja, Oluoch akacheka pia, akasema mambo mazuri hayo, alicheka kweli, nilimwona, na kabla mwezi haujaisha akaleta habari ya kuhamia Kawangware, kumetulia, hakuna kelele, halafu friji ikaja imefungwa ndani ya godoro, utanishukuru, akasema, maziwa ya Marion hayataharibika tena, lakini huku friji ni marufuku, Mama Jackie alishafukuza mtu, kwa hiyo mama, wewe utakuwa unakaa hapa na hii kitu, hatuwezi kuiacha peke yake. Nikawa mlinzi wa friji. Toi sikuenda.

Na mama yangu akafa. Hapo ndipo sitaki kufika na kila siku nafika hapo… akina Rosebella wakatoka Kibera wote na unga na sukari, wakatembea kwa mvua, nikawasikia wakianza kulia tangu getini vile inavyopasa, wakija kunililia ndani ya nyumba yangu, na Oluoch akaniambia kwa sauti ya chini waambie hapo nje, watakaa wapi, mtu ataegemea pazia, na mimi nikatoka, nikafunga mlango, nikawaambia kuna mtu amelala, mtu gani, sijui, nilisema tu mtu amelala, wakaniombea katikati ya kamba za nguo, shuka la jirani likinidondoshea maji begani, Kavetsa anaomba na mimi nasikiliza motor isije ikaanza kunguruma, mama yangu amekufa na mimi nasikiliza friji, Rosebella akaangalia mlango, akaniangalia mimi, akaacha unga chini…

Hatua. Ndara zake nazijua, anaburuta mguu mmoja, Mama Jackie huyo, mwenye ploti, na mlango, ee Yesu, mlango nimeurudisha tu, sikutia komeo, nilikuwa natoka na kuingia na ndoo.

"Mama Marion! Uko? Maji imekuja, toa mitungi, watafunga tena sasa hivi."

Nisijibu, nikinyamaza ataenda, hapana, ataona ndara zangu mlangoni, ameshaziona, anasema nakusikia ukipumua Mama Marion, wewe ni mgonjwa? na pazia liko wazi, friji iko wazi, taa yake ndiyo tu haiwaki, akisukuma mlango ananiona mzima mzima nimeingiza mkono kama mwizi wa nyama, na simu mezani inaongea, uko? Mildred? na mimi siwezi kuifikia, siwezi kufunga pazia, siwezi kushika komeo, kidole kimoja tu kimenifunga kila mahali.

"Niko, Mama Jackie," nasema. "Nakuja. Ngoja tu kidogo."

"Sawa. Na hiyo friji yenu leo siisikii. Imeharibika?"

Nini.

"Friji gani?" nasema, na sauti inanitoka nyembamba kama ya Marion.

"Si hiyo yenu! Ai, Mama Marion. Baba Marion si aliniuliza kabla hamjahamia hapa, nikamwambia hakuna shida, hata Ng'ang'a wa nyumba ya mwisho ako nayo. Wewe nilidhani tu unapenda redio sana."

Anacheka, mama wa watu, anacheka vizuri, halafu anashusha sauti, anaweka mdomo karibu na mlango.

"Na siku ile ulifiwa, pole tena. Tulikuwa tunakuja na akina mama wa hapa, Baba Marion akatuambia hutaki watu. Tukaona tukuachie."

 Kwa simu Toi bado iko, chagua chagua, lakini Oluoch haulizi supaglu tena, amesikia, sauti ya Mama Jackie hata akiishusha ingesikika mpaka Olympic kule Kibera, na mimi natazama barafu iliyobaki, natazama waya alizounganisha kwa mikono yake, na vitu vinakuja vyenyewe, sivitafuti, kwamba aliuliza, kwamba aliruhusiwa kabla hatujapakia hata kijiko, kwamba alikuwa na ruhusa mfukoni siku ile anasukuma godoro mlangoni akininong'oneza nishike upande ule, polepole, watasikia, na kwamba aliketi hapo kwa kile kiti jioni baada ya jioni akiniangalia nikikimbilia redio na chai yake mkononi na hakusema kitu, aliniangalia tu, hata mama yangu alipokufa aliniangalia nikitoka nje kupokea msiba kama mtu anayepokea mkaa, na alikuwa anajua… si stima, haikuwa stima hata siku moja, ilikuwa ni ile meza ya Toi, ilikuwa ni kicheko cha Jumatano, na mimi nilidhani naficha friji kumbe ni mimi nilikuwa nimefichwa. Machozi yanashuka na siyafuti, lakini si huzuni hii, wacha nisijidanganye, nina hasira, nina hasira nzuri sana, inapasha mwili wote moto.

"Mildred," simu inasema, taratibu, ile sauti yake ya kubembeleza. "Mildred, ngoja nije tuongee. Usifanye kitu. Uko na nani hapo?"

Nje ndoo inagonga ukuta, Mama Jackie anageuka aende zake.

"Mama Jackie!" naita, na naita kwa nguvu, mpaka Toi wasikie. "Usiende. Sukuma mlango, sijatia komeo. Karibu ndani."

"Mildred, nimekuuliza uko na nani?"

"Niko na mgeni," namwambia.