Hodi ya Tatu

Sauti ya Kombo ilisema "Hodi" nyuma ya mgongo wangu saa nne ya asubuhi, jua likiwaka, nami nikaitikia "Karibu" kabla sijakumbuka kwamba Kombo tulikwisha kumzika. Mikono yangu ilikuwa imeshika mkanda wa filamu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na spika tu ya kusikilizia sauti za mkanda, na mlango wa chumba cha mashine umefungwa.

Wallahi, nilicheka peke yangu, ila nywele zilinisimama. Halafu, na hili naliungama kwa aibu, nilifurahi. Nilijua nimelipata tangazo la filamu yetu.

Mwaka ule wa hamsini na sita, mimi Idarusi ndiye niliyekuwa fundi wa kukata na kuunga filamu hapa Tanga, na nilijiona sina mpinzani, labda kwa sababu sikuwa na mwenzangu. Tulikuwa tumepiga filamu yetu ya kutisha huku huku Ngamiani: mgeni anabisha hodi nyumba hadi nyumba, na kila nyumba inayomkaribisha, kesho yake inalia msiba. Mgeni aliigizwa na Kombo, rafiki yangu tangu chuoni tulikosoma Kurani, mwana wa Kipemba mwenye sauti ya upole. Homa ilimchukua kabla mikanda haijarudi kutoka kusafishwa Nairobi.

Hatibu, mwenye sinema, alitaka tangazo la dakika mbili, lionyeshwe wiki nzima kabla ya filamu yenyewe.

"Nipe kisu," akaniambia. "Nipe yule mwanamke anayepiga ukelele. Nipe damu, watu washtuke!"

"Ukiwapa damu yote Jumatatu, bwana, Ijumaa watakuja kutazama nini?"

"Sasa utawaonyesha nini, wewe mjuzi?"

"Mlango."

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. Nikamweleza: mlango uliofungwa, kisha giza tupu. Ndani ya giza, hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Hodi ya tatu, mlango unaanza kufunguka, na hapo hapo nakata. Mgeni haonekani hata ukucha. "Mtu wa pwani hawezi kuiacha hodi bila jibu," nikasema. "Midomo yao wenyewe itamwingiza muuaji ndani."

Hatibu akajipapasa shingo. "We Idarusi, una roho mbaya," akasema, na mimi nikalichukua kuwa sifa.

Lilibaki jambo moja. Mama yake Kombo, Bi Mwatumu, alikuwa akikaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na adabu ilinitaka niende kumwomba ruhusa ya sauti ya mwanawe. Sikwenda. Nilijiambia mama yule haendi sinema, tangu msiba hajavuka kizingiti chake. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa atakataa. Kile kipande cha Kombo akiingia ndani nilikikata, nikakitundika ukutani kwenye msumari.

Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake. Nilichungulia kwenye kitundu cha chumba cha mashine: mabuibui matupu, watoto magotini, harufu ya asumini mpaka juu kwangu. Giza likaingia.

"Hodi," Kombo akasema.

"Karibuuu!" ukumbi mzima ukaitikia, vicheko vikavuma.

"Hodi."

"Karibu," wakajibu wachache, bila kucheka. Mmoja akasema, "Nyamazeni, jamani! Mnamwita nani?"

Hodi ya tatu haikujibiwa. Nilisikia mashine yangu tu ikizunguka. Nimewapata, nikajisemea, nikatabasamu. Ndipo sauti moja ya kizee, tulivu kabisa, ikatoka safu ya mbele:

"Karibu, mwanangu. Pita."

Mlango ukaanza kufunguka, kisha pazia likawa jeupe, kama nilivyopanga. Wanawake wakapiga mayowe, wengine wakakimbilia nje na watoto wao. Hatibu alipanda ngazi mbio kunipongeza. Alisema hajapata kuona watu wakitishika vile. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni; sauti ile ya kizee niliijua.

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Mwatumu. Nilisimama mlangoni pake muda mrefu bila kubisha hodi. Mwishowe akafungua mwenyewe.

"Nimekusikia unavyohema," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Tangazo lile nitalichoma leo hii."

"Ulichome kwa nini?" Hakuwa amekasirika, heri angekasirika. "Majirani walinivuta, nikaenda. Nimemsikia, nikamkaribisha. Mbona hakuingia, Idarusi?"

Nilitazama chini. "Nilimkata, mama."

"Basi muunge."

"Mama, katika filamu ile, anayemkaribisha mgeni yule..."

"Najua," akanikatiza. "Alikuwa akijifunza maneno yake hapo hapo uliposimama."

Saa nane mchana, ukumbi ukiwa mtupu, nilikitungua kile kipande msumarini nikakiunga kwa gundi. Bi Mwatumu alikaa peke yake kwenye benchi la mbele. Hodi zikaja tatu, na zote tatu akaziitikia. Mlango ukafunguka. Kombo akasimama kizingitini, akavua makubadhi yake, akayapanga vizuri, akaingia. Hapo mkanda ukaisha, weupe ukajaa pazia zima.

Sikuwasha taa. Kule chini, katika mwanga ule mweupe, nilimwona Bi Mwatumu akikusanya buibui lake. Akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.