Mashine Niliyoshindwa Kuiamkia

Usiku wa jana niliota niko kwenye foleni ya ofisi ya serikali ya mtaa, nimevaa suti yangu ya harusi, na nyuma yangu imesimama mashine ya kukereza vyuma. Imeshika bahasha ya kaki. Imepakwa rangi ya buluu mbichi, na kila anayepita karibu anaondoka na buluu kidogo kwenye kiwiko.

"Hii foleni ya nini?" nikaiuliza.

"Ya barua ya utambulisho," ikasema. "Kibati changu cha jina kilipotea. Nisipopata barua, saa sita mchana napakiwa kwenye lori la vyuma chakavu."

Lori lenyewe lilikuwa limeegeshwa nusu nje, nusu ndani ya ofisi, linanguruma taratibu. Dereva alikuwa anakula hindi la kuchoma. Hakuna aliyeshangaa, na mimi sikuona sababu ya kuwa wa kwanza.

Kabla sijaendelea, nijieleze. Mimi ni Aristariko Luvanda, Mhehe wa Mufindi, mstaafu wa karakana ya kiwanda cha chai. Mashine hiyo ipo kweli. Iko Makambako kwa mtu anaitwa Chengula, na leo saa nne asubuhi nilikuwa niende kuinunua, niilete nyumbani, niifunge kwenye banda ambalo mke wangu, Mama Onesmo, alihamisha kuku wake wote ili kunipisha. Juzi nilipokwenda kuiona niliizunguka mara mbili, mikono nimeifunga nyuma, nikaigonga kwa kifundo cha kidole, nikasema, "Mm. Hii naijua." Uongo mtupu. Nilichoona ni rangi.

Anayezijua mashine hizi ni shemeji yangu, Kastuli Mapunda, kaka wa mke wangu, aliyekereza vyuma kwenye karakana ya misheni miaka thelathini na sasa anaishi Njombe. Lakini Kastuli ni Mngoni. Wahehe na Wangoni ni watani, na shemeji kwa shemeji nao ni watani, kwa hiyo yule bwana ananitania kwa vibali viwili. Nikimwomba aje anisaidie kukagua mashine, atalitangaza kwenye kila msiba na kila harusi mpaka siku ya kunizika, na siku hiyo atalitangaza mara mbili. Nikaamua nitakwenda peke yangu.

Turudi kwenye foleni.

Tunaingia. Mtendaji wa mtaa ni pimamaji. Simaanishi kwamba ana pimamaji mezani. Yeye mwenyewe ndiye pimamaji, kile kibao cha mafundi cha kupimia kama kitu kimelala sawa. Ni futi mbili za mbao ngumu, amevaa tai, na kwenye paji la uso ana kioo chenye maji na kapovu ka hewa.

"Mmeamkiana?" akauliza.

Mimi na mashine tukatazamana.

"Bado," nikasema.

"Mko foleni moja tangu asubuhi, hamjaamkiana?"

"Hatujui nani mkubwa," mashine ikasema. "Mwenzangu kazaliwa mwaka hamsini na nane. Mimi sijijui."

Mtendaji akaandika jambo. "Siwezi kutoa barua kwa watu wasioamkiana. Wala mtu hanunui asichojua akiamkie vipi. Mnunuzi ndiye atakayeitambua. Wewe Luvanda, kazi yako?"

"Fundi," nikasema.

Kapovu kakakimbilia kushoto. Ofisi nzima ikainamia huko huko. Benchi la wazee likateleza pamoja na wazee wake, wakipita mbele yangu bila kukatisha mazungumzo yao ya bei ya mbolea, wakaishia ukutani.

"Fundi kiasi," nikasema.

Benchi likarudi nusu.

"Basi fundi kiasi, itambue," akasema Mtendaji. "Tunakusikiliza."

Nikafunga mikono nyuma, nikaizunguka mashine. Nilijua wote wananitazama. Nikaigonga kwa kifundo cha kidole.

"Ni ya buluu," nikasema.

Rangi ikakohoa. "Hapo umenitambua mimi," ikasema. "Wote huanza na mimi. Mzee, mimi nimefika wiki iliyopita, kabla ya hapo nilikuwa kwenye kopo. Mambo ya humu ndani siyajui, muulize mwenyewe."

Ikajivua kuanzia mabegani kama mtu anayevua sweta, ikajikunja vizuri, ikauliza njia ya kwenda kwenye pikipiki moja iliyoungua, ikaondoka. Chini yake kulikuwa na kijani cha zamani, chini ya kijani kuna kijivu, na kwenye kijivu kuna mikwaruzo isiyo na idadi.

"Usinitazame hivyo," mashine ikaniambia. "Niko uchi."

"Mficha uchi hazai," akasema Mtendaji bila kuinua macho. "Luvanda, ukishindwa, leta mtani wako. Marafiki watakusifia hata ukinunua jiwe. Mtani atakwambia kweli na kukucheka."

"Mimi sina mtani," nikasema.

Ofisi ikapinduka kabisa.

Ilipotulia, hatukuwa tena ofisini. Tuko kwenye banda langu la kuku, mashine iko katikati, na sakafu ni ugali. Ni ugali wa dona, bado unatoa moshi. Lori limefika nasi, sasa limeingiza bampa ukutani. Na kwenye meza yangu ya kazi amefungwa kwa nati nne shemeji Kastuli. Kichwa ni chake, na kofia yake ile ya sufu. Kuanzia shingoni kwenda chini ni jiliwa, lile koleo kubwa la mezani la kubania vyuma.

"Kamwene, Mhehe!" akanisalimu Kihehe, kwa furaha. Akafungua taya zake za chuma kunipa mkono.

Adabu ni adabu, nikampa wangu. Akazungusha mpini wake mara moja, akanibana.

"Habari za nyumbani, shemeji?"

"Nzuri. Niachie mkono."

"Ndiyo kwanza nimekusalimu. Hii mashine unaijua?"

"Naijua."

Mpini ukazunguka nusu. Sikupiga kelele, kwa sababu nilikuwa ugenini kwenye banda langu mwenyewe.

"Samahanini," mashine ikasema. "Mguu wangu mmoja unazama. Nani amepika hii sakafu?"

"Mimi," nikasema.

Shemeji akanitazama kwa huruma. "Mashine inataka zege, wewe umeisongea ugali. Na mboga hukuweka. Kweli babu zetu Wangoni walipigana na watu gani?"

Mtendaji alikuwa amejilaza juu ya mashine, tai yake ikining'inia pembeni. "Mguu wa kushoto uinuliwe," akatangaza. "Unene wa karatasi iliyokunjwa mara nne."

Kwa mkono ulio huru nikapekua mfuko wa suti. Nikatoa karatasi nene, nikaikunja mara nne, nikaisukumiza kwa ncha ya kiatu chini ya mguu wa mashine. Mashine ikakaa sawa. Nikajisikia fundi hasa kwa muda wa kama dakika moja.

Kisha karatasi, kwa kukanyagwa, ikaanza kujisoma kwa sauti. Kilikuwa cheti changu cha kustaafu. "Cheti hiki," kikasema kwa sauti ya meneja wangu wa zamani, "kimetolewa kwa Ndugu Aristariko Luvanda, Mtunza Stoo Bora..."

Hata dereva wa lori akaacha kutafuna.

"Stoo?" akauliza shemeji.

"Stoo ndani ya karakana," nikasema.

Mpini ukazunguka nusu nyingine.

"Saa sita kasoro," dereva akasema. Bampa likasogea, ukuta ukasogea nalo. Mashine ilikuwa inalitazama lori, na tone moja la maji yenye kutu lilikuwa linaishuka ubavuni.

Nikaona aibu, tena aibu mpya, siyo ile niliyoizoea. Hii haikuwa ya kuchekwa. Ilikuwa ya kumwona mwenzangu wa foleni anapelekwa tanurini kuyeyushwa kwa sababu mimi naogopa kusema neno moja.

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini?" akauliza Mtendaji.

"Sijui jina lake, sijui umri wake, sijui hata pa kuanzia kumtazama. Miaka ishirini na nane nilikaa kwenye dirisha la stoo nagawa spana na tupa. Mashine nilizisikia upande wa pili wa ukuta. Kila siku nilitamani kutoka pale nikashike japo moja, na kila siku niliogopa mafundi watanicheka. Shemeji, nionyeshe."

Kapovu kakaenda katikati kakatulia. Jiliwa likafunguka lenyewe.

"Hapo sasa," akasema shemeji. Alikuwa anacheka, ndiyo, lakini alikuwa ameshaanza kunionyesha. "Acha uso, shika kitanda. Hivi vyuma viwili virefu anavyolalia, pitisha ukucha."

Nikapitisha. Karibu na kichwa cha mashine pamelika, ukucha unaingia. Mwishoni kabisa ni laini, kingo bado kali.

"Hapo kichwani ndipo alipofanyia kazi maisha yake yote. Ukimpa shafti ndefu atakutolea nene huku, nyembamba kule. Mpe kazi fupi fupi, utakula naye miaka. Sasa tazama gurudumu lake. Bapa, pana. Na mota?"

"Imechomelewa pembeni."

"Kwa fujo, na mtu mwenye haraka. Mota amewekewa ukubwani. Alizaliwa anazungushwa kwa mkanda wa ngozi kutoka darini, pamoja na wenzake kumi, zama ambazo mashine hazikuwa na mota zake. Kwa hiyo?"

Nikafikiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufikiri tangu ndoto ianze.

"Kwa hiyo alikuwa kazini kabla mama yangu hajaolewa," nikasema.

Nikavua kofia, ingawa sikuwa nimevaa kofia. Nikainama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Marahaba mara mia. Wewe unajua miaka mingapi hakuna aliyeniamkia? Wananipaka rangi tu." Kisha, kwa kuwa bibi na mjukuu nao ni watani, akaongeza, "Na hiyo suti umeivaa au imekupanda?"

Shemeji akacheka mpaka nati zake zikalegea.

"Unajua kunilisha?" Bibi akauliza.

"Sijui," nikasema, na safari hii neno halikuuma hata kidogo.

"Oili, kila asubuhi, kabla hujaniambia habari za mjini. Vijitundu kumi na kimoja. Usiruke hata kimoja, maana hunong'onezana."

Nikachukua kikopo cha oili chenye mdomo mrefu. Kila kijitundu kinafungua mdomo, kinameza, kinashukuru. Cha sita kinasali kwanza. Cha tisa kinauliza kama hakuna ya jana iliyobaki. Cha kumi na moja kiko chini kabisa, nyuma ya kichwa, na kukifikia inabidi nilale chali kwenye ugali niingize shingo chini ya Bibi. Kikapiga chafya, oili ikanishuka kisogoni.

"Samahani," kikasema.

"Si kitu," nikasema, na sikuwa natania. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi. Nililala pale chini, nikasikia Bibi anaanza kuzunguka juu yangu, polepole, na hakukuwa na ukuta kati yetu.

Mtendaji akaandika barua. Dereva aliposikia hakuna mzigo, akarudisha lori nyuma, akaniachia nusu ya hindi lake. Muhuri ukagongwa mara moja. Ulipogongwa mara ya pili nikaamka, kumbe ni Mama Onesmo anaweka kikombe cha chai kwenye stuli.

Jua lilikuwa limeshaingia mpaka kitandani. Nikasema haraka, kabla ujasiri haujapoa.

"Mama Onesmo, mimi sijawahi kuendesha mashine ya kukereza. Nilikuwa mtunza stoo."

"Najua," akasema, anakoroga sukari.

"Unajua tangu lini?"

"Baba Onesmo, nguo zako nani alikuwa anafua? Fundi gani anarudi na kola nyeupe miaka ishirini na nane?"

Nikanywa chai.

"Na wewe ulinyamaza muda wote huo?"

"Nilikuwa nangoja uniambie. Ulipenda kuitwa fundi." Akanipa simu yangu. "Kaka Kastuli yuko kwenye basi anakuja Makambako. Nimemwambia umemwita."

"Sijamwita."

"Basi mwite."

Nikapiga. Nikamwamkia vizuri, nikamwomba anisaidie kukagua mashine, maana sijui. Akaanza kucheka, na kupitia simu nikasikia anawasimulia abiria, abiria nao wanacheka, na mmoja anauliza huyo Mhehe anaitwa nani. Nilicheka nao. Alipomaliza akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Nakusubiri stendi, shemeji. Usimpe mtu hela kabla sijafika."

Nikavua shati ninalolalia, nikamrushia Mama Onesmo aliyekuwa anakusanya za kufua. Akafika nalo mlangoni, akasimama. Akalinusa.

"Baba Onesmo, wewe jana umelala wapi?"

"Hapa hapa."

Akaligeuza nilione. Nyuma ya kola kulikuwa na doa jeusi la oili, ukubwa wa kidole gumba, bado bichi. Akalitazama kwa muda mrefu, akanitazama mimi.

"Hili silifui," akasema, akalitundika msumarini.